Jembe Chini ya Kitanda

Bado nina hasira na ile ndege. Najua ndege haina kosa. Ilikuwa inashuka uwanjani kama zinavyoshuka nyingine zote, imebeba unga na mafuta ya kupikia, na mji mzima ulikuwa unaihitaji. Lakini kila ninapofungua ile sehemu ya filamu na kumwona baba mkubwa akisogeza midomo huku mngurumo ukimeza kila anachosema, inabidi niikalie mikono yangu ili nisivunje kitu.

Filamu hiyo niliitengeneza mimi mwenyewe, Juba, katika miaka ya vita. Hakuna aliyenifundisha. Kamera ilikuwa ya mtumba kutoka Kampala, na kipaza sauti tulikifunga kwenye mpini wa ufagio kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mengine nilijifunza kwenye video nilizopakua kwa simu siku ambazo mtandao ulikubali. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango, narudi kuutikisa. Nikiandika ujumbe, naufuta na kuuandika upya mpaka jambo lenyewe limepitwa na wakati. Kutengeneza filamu ukiwa hivyo ni mateso, na wanaoteseka zaidi ni walio karibu nawe.

Filamu ilihusu vijana wawili, mwanamume na mwanamke, waliokaa pamoja miaka mingi bila kuoana. Chumba kimoja, jiko moja la mkaa, madumu ya maji mlangoni. Mwanamke anauliza lini, mwanamume anajibu vita vikiisha. Basi, hiyo ndiyo hadithi yote. Ndani yake hakuna bunduki wala mtu anayekimbia na godoro kichwani. Nilikuwa nimechoshwa na wageni waliokuja na kamera kubwa kutupiga picha tukilia, kana kwamba wakati wa vita watu hawagombani juu ya nani amemaliza sabuni.

Sikuhitaji kubuni mengi. Mwanamume wa kwenye filamu alichezwa na mwenzangu mwenyewe, na maneno yake niliyatoa kinywani mwake. Tulikutana Arua, upande wa Uganda, wazazi wetu wakiwa wakimbizi na sisi tukiwa watoto wa shule tunaouza nyanya sokoni kwa Kiswahili. Tulirudi Juba pamoja wakati kila mtu alikuwa anarudi, tukapanga chumba nyuma ya duka, mtaa wa Hai Jalaba. Yeye akapata kazi ya kupakua mizigo uwanja wa ndege. Kisha vita vikaanza, na kuanzia hapo vita vikawa jibu lake kwa kila swali. Nikimwuliza ataenda lini kwa baba mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea baba yangu alipofariki, anasema vita vikiisha. Nikimwuliza mbona binamu yake ameoa mwezi uleule barabara ya kusini ilipofungwa, anasema binamu yake ana haraka.

Alipoisoma hadithi niliyoandika, alicheka mpaka akakohoa. “Huyu mwanamume mjinga kweli,” akasema. “Utamtoa wapi wa kumcheza?”

Nikamwambia nimeshampata.

Alikubali. Hilo ndilo lililonichanganya tangu mwanzo, kwamba alikubali vizuri hivyo. Jioni baada ya jioni, kabla mwanga haujaondoka, tulikuwa tunapiga chumbani mwetu, rafiki yangu msusi wa nywele akishika ule mpini wa ufagio. Mwenzangu alisema mbele ya kamera maneno yaleyale aliyoniambia jana yake, kwa sauti ileile, na nikimwambia rudia, anarudia. Nilimfanya aseme “vita vikiisha” mpaka rafiki yangu akaniomba nimhurumie. Sikumhurumia. Kulikuwa na utamu fulani mbaya katika kumlazimisha aseme tena na tena kwa amri yangu kile alichokuwa ananiambia bure kila siku.

Nje hatukupiga hata picha moja. Askari akikuona barabarani na kamera, kamera si yako tena. Nilipotaka kuihamisha, niliiweka ndani ya beseni, nikaifunika kwa bamia zilizokaushwa, nikajitwisha kichwani na kupita kizuizini nikiwa na uso wa mtu anayekwenda sokoni.

Ilibaki sehemu moja kubwa, ya posa. Mwishoni mwa filamu mwanamume anaamka asubuhi moja na kwenda kwa wakubwa wa mwanamke kumwomba. Hiyo sikuitoa katika maisha yetu. Hiyo ndiyo niliyoibuni.

Niliwajaribu wazee kadhaa, na kila mmoja akiona kamera alianza kuhubiri. Mwishowe nikamwomba baba mkubwa awe yeye mwenyewe, nyumbani kwake mtaa wa Juba Na Bari, chini ya rakuba yake, kile kibanda cha nyasi anachopumzikia mchana. Mama mkubwa, mkewe, nilimkalisha nikamwuliza posa inavyofanyika kwetu, hatua kwa hatua. Akanieleza. Mwanamume anakuja na mbuzi na jembe jipya, chuma kitupu bila mpini, limefungwa kitambaa cheupe. Anakaa chini kuliko mwenye nyumba. Anaomba, anajibiwa, jembe linapokelewa. Kisha mama wa nyumba analiweka chini ya kitanda chake. Jembe hilo halichimbi. Linakaa hapo mpaka harusi, na siku hiyo linatiwa mpini na bibi harusi anakwenda nalo shambani kwa mumewe. Kama mwanamume amebadili nia, anakuja mwenyewe kulichukua, hapelekewi. Na likiwa bado chini ya kitanda, hakuna jembe la mwanamume mwingine linaloingia nyumba hiyo kwa ajili ya msichana huyo.

Nikafuata yote hayo kama mtu anayepika dawa. Mbuzi awe wa kweli. Kitambaa kiwe kipya. Jembe la kwanza alilonunua mwenzangu lilikuwa na alama ya kutu karibu na tundu la mpini, nikamrudisha nalo sokoni. Alikwenda bila kunung'unika, na mimi nikafikiri huo ni upendo.

Saa ya kupiga picha aliichagua yeye. Ndege zote zinapita juu ya mabati ya baba mkubwa, na yeye ndiye aliyejua zinavyokuja. Aliniambia tuanze ile ya Entebbe ikishatua, baada yake kutakuwa na utulivu mrefu.

Baba mkubwa alitoka amevaa koti lake la harusi na mazishi. Nikamwambia, Baba, shati la kila siku linatosha. Akanitazama kana kwamba nimemwambia atoke uchi. Hapo ndipo ningepaswa kuelewa, lakini nilikuwa nahangaika na kivuli kilichokuwa kikipita puani kwake.

Tukaanza. Mwenzangu akaketi kwenye kigoda, jembe magotini. Salamu zikaenda vizuri. Kisha akafika mahali pa kuomba, akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu, uso umeinuka kidogo. Sikumwandikia kimya kile. Nilishika pumzi nyuma ya kamera, machozi yakanitoka, kwa sababu sikuwahi kumwona akiigiza vizuri hivyo. Ndipo mngurumo ukaja, mkubwa, mzito, ndege ya mizigo, na chini ya mngurumo huo midomo yake ikaanza kusogea. Baba mkubwa akainama kumsikiliza. Akajibu. Akanyoosha mikono yote miwili, akalipokea jembe. Ndege ilipokwisha kupita, mama mkubwa alikuwa ameshaliingiza ndani bila mimi kumwambia.

Nikasimamisha kamera. Nikasema turudie.

“Kurudia nini?” baba mkubwa akauliza.

“Ile ya kuomba na kujibu tu, Baba. Ndege imeharibu sauti.”

“Wewe hapana sikia mimi?”

Nilikuwa nimekaa karibu naye, jibu lake nililisikia. Nikasema mimi nimesikia, kamera ndiyo haikusikia.

“Basi pole kwa kamera. Maneno hii mtu nasema mara moja. Mimi nikisema mara mbili, watu watauliza huyu mzee iko na wasichana ngapi.”

Mwenzangu akacheka kidogo, akasema, “Mzee, hii ni filamu tu.”

Baba mkubwa akageukia nyuma ya nyumba, ambako mbuzi alikuwa ameshaanza kuchunwa. “Na mbuzi pia ni filamu?”

Tulikula nyama ile. Ilikuwa tamu, na hilo pia linaniudhi.

Jioni hiyo nilipochukua beseni langu ili turudi Hai Jalaba, mama mkubwa alisimama mlangoni. Binti aliyeposwa hawezi kulala kwa mposaji, akaniambia, analala kwao mpaka harusi. Nikamweleza taratibu, kama ninavyomweleza mtoto, kwamba ilikuwa filamu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

“Uliniuliza kila kitu,” akasema. “Ningekuficha kimoja tu, isingekuwa posa. Mimi sikukuficha, na wewe hukuacha hata kimoja. Sasa unataka niseme nini?”

Nimelifikiria hilo mara nyingi. Ningekosea kitu, jembe lenye kutu tu, tungekuwa salama. Kosa langu lilikuwa kutokosea.

Nikabaki. Naomba nieleweke, sikubaki kwa kushikwa mkono. Nilibaki kwa sababu moyo wangu uliruka. Nilijiambia kwamba ajali hii imefanya kwa siku moja kile ambacho miaka yetu yote haikufanya, na kwamba kesho au keshokutwa mwenzangu atakuja anacheka, atasema haya basi, imeshatokea, tuendelee. Mama mkubwa akaanza kuwaambia wanawake wa kanisani. Nikaanza kutandika kitanda nilicholalia utotoni, kile baba mkubwa alichorudi nacho kutoka Arua.

Hakuja. Alimtuma kaka yake, ambaye alikaa pembeni ya kiti na kusema ndugu yake anaomba radhi, malesh sana, ule ulikuwa mchezo wa kamera. Baba mkubwa hakukasirika. Alisema kama ni mchezo, basi ni rahisi, mwenye jembe aje achukue jembe lake. Kaka akasema atampelekea yeye. Baba mkubwa akamwuliza kama yeye ndiye aliyeliweka. Kaka akanywa chai yake, akaenda.

Wiki zikapita, na jembe liko chini ya kitanda. Sikuwa mke. Sikuwa mchumba, maana mchumba ana mtu anayepiga simu. Sikuwa huru pia. Jirani mmoja, fundi wa redio, mtu mpole, alianza kusimama langoni na kuuliza habari za kamera yangu. Mama mkubwa akamweleza kwa adabu kwamba nyumba hii ina jembe la mtu. Hakurudi. Sijui kama ningempenda. Ninachojua ni kwamba mwanamume aliyekuwa kilomita chache kutoka kwangu, anayekunywa chai na kulala vizuri, alikuwa amenifunga bila hata kunishika.

Mchana, kinu cha unga cha jirani kilipokuwa kinafanya kazi, nilipata umeme wa kompyuta. Nikakaa na ile sehemu ya posa nikijaribu kuiokoa. Nilipunguza mngurumo, nikaongeza sauti za watu, nikazikata na kuziunga. Hakuna kilichosaidia. Nikaamua kuitazama bila sauti kabisa, nione kama midomo peke yake inaweza kubeba jambo.

Ndipo nikayaona macho yake.

Katika kile kimya nilichokililia, kile nilichokiita uigizaji, anatazama juu. Si mara moja. Anatazama juu upande wa mashariki, anashusha macho, anatazama tena. Nikarudisha sauti. Hakuna ndege bado. Sisi wengine wote tumekaa bila kusikia kitu, na yeye, ambaye kazi yake ni kuzisubiri ndege kabla hazijaonekana, anaisubiri hii. Alijua inakuja. Pengine ndiyo sababu aliichagua saa ile. Alikaa kimya mpaka ikawa juu yetu, ndipo akafungua mdomo.

Sikubeba hata beseni. Nilitembea mpaka Hai Jalaba jua likiwa kali, nikamkuta mbele ya duka na glasi ya chai ya tangawizi. Akasogea kunipa nafasi kwenye benchi, kama vile nilitoka kununua mkaa.

“Uliingoja ndege,” nikamwambia.

Alitazama glasi yake. Nilitegemea akane, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo njia nzima. Hakukana.

“Nilijua huwezi kuweka kitu chenye kelele,” akasema. “Wewe ukiona doa unatupa. Jembe ulinirudisha nalo sokoni kwa doa kama punje ya mtama. Nikasema ataitupa, mambo yatabaki vilevile.”

“Vilevile vipi?”

“Mimi na wewe. Chumbani. Bila wazee.”

Sijawahi kupigwa kofi maishani, lakini nadhani linakaa hivyo. Hakunidanganya tu. Alinisoma. Alichukua kile kitu changu ninachokionea aibu kuliko vyote, huu ugonjwa wa kutaka kila kitu kinyooke, akakifanya mlango wa kutorokea.

Nikamwuliza chini ya ile ndege alisema nini. Akasema aliomba.

“Kweli uliomba?”

“Mzee alikuwa ananitazama machoni. Ningeomba nini, chumvi?”

Na hapo, Mungu anisamehe, nikalainika. Nilimwona kwenye kigoda, jembe magotini, akiniomba kwa sauti ambayo hakutaka isikike. Nikamwambia basi njoo umalize. Njoo Jumapili. Ama ulete maneno, ama uchukue jembe, lakini njoo.

Akafuta jasho. Akatazama barabara, ambako gari la askari lilikuwa linapita, na nikaona anavyolishukuru gari lile kwa kupita.

“Vita vikiisha,” akaanza.

Nilichukua glasi yake ya chai nikaimwaga chini, taratibu, yote. Watu wa dukani waligeuka. Akasema haya, khalas, Jumapili atakuja.

Jumapili mama mkubwa alifagia chini ya rakuba na kunyunyiza maji vumbi litulie. Baba mkubwa alitoka kanisani, hakuvua koti. Alikaa kwenye kiti chake akitazama lango. Tuliweka chai, ikapoa, tukapasha. Joto lilikuwa la kuyeyusha mshumaa na mzee hakuvua koti. Jua lilipoanza kuinama alisimama, akalivua mwenyewe, akalikunja mikono kwa mikono, akaingia ndani.

Miaka yote niliyongoja mimi nilikuwa nimeimeza. Nilijua kuimeza, nilikuwa na mazoezi. Lakini koti lile sikuweza. Mtu huyu alikuwa amemkalisha mzee kwenye joto lile ndani ya koti la sufu, na vita havikuwa na habari. Vita havikumzuia kununua mbuzi. Vita havikumfundisha kutazama angani. Tulikuwa na vita vya kutosha, vilichukua watu wetu na barabara zetu na akili zetu, na yeye akaviongezea kazi ya kumsemea.

Asubuhi niliingia chumbani kwa mama mkubwa, nikapiga magoti, nikalitoa jembe. Lilikuwa safi kama siku lilipokuja. Akaniuliza nalipeleka wapi. Nikasema silipeleki popote, naenda kuchimba nalo hapa nyuma.

Akakaa kitandani. Akasema jembe la posa likiingia ardhini nyumbani kwa msichana, si posa tena, ni jembe tu. Akasema hajawahi kuona msichana akifanya hivyo. Nikamwambia najua, yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza haya yote.

Baba mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Nilidhani atanikataza, na nilikuwa na maneno makali tayari, ambayo nashukuru hayakutoka. Alinyoosha mkono nimpe kile chuma. Akakigeuza, akaingiza kidole kwenye tundu, akaenda nacho kwenye rundo la kuni. Muda wote alipokuwa akichonga hakunitazama. Alipomaliza aligonga mpini chini ukakaza, akanipa.

“Sasa mimi hapana na kitu ya mtu hapa,” akasema.

Niliweka kamera juu ya debe tupu. Sikupima mwanga. Baadaye niligundua kwamba katika picha ile kichwa changu kimekatwa, unaona mtu kuanzia mabegani, mikono, jembe na ardhi ngumu ya kiangazi inayokataa. Nilichimba vibaya. Nilikuwa nachimba kama anayepiga nyoka. Ndege ilikuja, ile ya Entebbe, ikapita juu ya mabati na kelele zake zote, na sikusimama.

Huo ndio mwisho wa filamu. Na ile sehemu ya posa haikutupwa. Niliiweka nzima, na ndege yake, na macho yake yanayoitafuta. Waliokuja kuitazama wameniambia sauti pale ni mbaya, fundi wa kweli angeirekebisha. Nawajibu najua.

Mama mkubwa ndiye aliyeleta mbegu za bamia. Alisimama nyuma yangu, akatazama nilichochimba kutoka mwanzo hadi mwisho.

“Mistari yako imepinda,” akasema.

“Iache,” nikamwambia, nikasogea ili apite apande.